College Scorecard: nimeitumia kupimia digrii ya muziki Marekani kwa kijana wetu, na haya ndo niliyoyaona

Naanza na jibu kwa wenye haraka. Kuna tovuti ya serikali ya Marekani inaitwa College Scorecard, ni ya bure, haitaki ujisajili wala namba ya simu, unaandika jina la chuo na kozi inakwambia wanaomaliza pale wanatoka na deni kiasi gani na baada ya miaka michache wanapata kiasi gani kwa mwaka. Mzazi yoyote wa Unguja na Pemba mwenye mtoto anaetaka kwenda kusoma huko aifungue kabla hajaenda kuuza kiwanja. Naipa nyota nne kati ya tano bila kusita. Ila kuna mambo ndani yake, ukiwa mtu wa kwetu na mtoto anataka muziki, usipoyajua zile namba zitakupeleka siko, na ndo nikaona niandike kwa urefu.

Kwetu imekuja hivi. Mtoto wa dada angu anapiga ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, kamaliza kidato cha sita, kaomba chuo kimoja binafsi cha muziki Marekani na kakubaliwa. Barua imekuja na pongezi, na skolashipu ya sehemu tu, kilichobaki mlipe wenyewe au mkope. Nyumba nzima furaha, bibi yake kalia. Mie ndo mjomba, na kazi yangu uhasibu wa hoteli huku kaskazini, basi karatasi zote zikaletwa kwangu, "Mjomba hebu tupigie hesabu."

Na sitaki mtu aseme mjomba anaona muziki si kazi, mana hayo maneno nayasikia sana mitaani na yananikera. Ganuni ile ina nyuzi zaidi ya sabini, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na kwa unyevu wa hewa yetu hii ya bahari kila ukiitoa kwenye mfuko zimeshaachana. Huyu kijana nimemuangalia, anakaa chini, anaiweka mapajani, anachukua ule ufunguo mdogo anaanza upande wa besi, anakaza, anasikiliza, analegeza, uzi mmoja mmoja, nusu saa hajapiga hata wimbo. Afu ndo anavaa zile pete za vidole anaanza. Mtu anaefanya vile kila siku tangu yuko skuli ya msingi ana kazi tayari, tunachotafuta ni namna ya kuisomea bila ya kumuua na deni.

Kabla yangu walishapita kwa ejenti mmoja wa vyuo hapa mjini, simtaji. Kawaandikia karatasi moja: ada, mkopo wa kampuni binafsi ya nje, na chini kabisa mshahara wa mwanamuziki Marekani kwa mwaka, namba kubwa, kaipigia mistari miwili. Nkamuuliza hii umeitoa wapi, akasema ipo kwenye intaneti. Nimekwenda kuangalia. Idara ya takwimu za kazi ya Marekani kwenyewe, kwa wanamuziki na waimbaji haitoi mshahara wa mwaka kabisa, inatoa malipo ya saa tu, kwa sababu wengi wao hawapati kazi ya siku nzima mwaka mzima. Ukichukua ile ya saa ukaizidisha kama vile mtu yuko ofisini asubuhi mpaka jioni siku tano kwa wiki, unapata ile namba ya ejenti. Lakini mpiga fidla anaitwa kwa masaa matatu Jumamosi na wiki inayofuata haitwi. Kwa hiyo karatasi ile tukaiweka pembeni, na katika kutafuta cha kushika badala yake ndo nikaifikia Scorecard.

Kwa sura hii ya sasa ilifunguliwa 2015 wakati wa Obama. Mwanzo ilikuwa inaonesha chuo kizima kwa jumla, ambayo kwa sie haisaidii, mana chuo chenye madaktari na wapiga ngoma ukiwachanganya pamoja namba inatoka haina maana kwa yoyote kati yao. Kuanzia 2019 wakaigawa kwa kozi, ukitafuta muziki unapata wa muziki peke yao, na hapo ndo ikawa chombo. Unaweza kuviweka vyuo kadhaa pamoja ukavilinganisha kwenye skrini moja, kwenye simu inafunguka vizuri, ila kulinganisha vyuo vingi ni bora kompyuta. Lugha Kiingereza lakini chepesi, mtoto wa kidato cha nne anaweza kumsomea mamaake.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote, mapato yale hawakuwauliza vyuo. Vyuo vikiulizwa vinaleta wale waliofanikiwa, kila chuo cha muziki kina picha ya mhitimu wake mmoja aliepata tuzo kaiweka mbele. Hawa wanachukua kwenye kumbukumbu za kodi, aliyepata kingi kingi, aliyepata kidogo kidogo, asiyekuwa na kazi hayumo, halafu wanatoa ya mtu wa katikati, yaani nusu ya wahitimu wenye mapato wako juu yake na nusu wako chini. Mtu mmoja tajiri hawezi kuivuta. Kwa mhasibu hii ni raha, nimefungua chuo baada ya chuo kwa kipande cha muziki tu, na utaona wenyewe kwamba muziki uko chini mno ukiufananisha na uhandisi au uuguzi wa chuo kile kile. Vyuo vyenye jina kubwa na ada kubwa haina maana wahitimu wake wa muziki wanapata zaidi ya wa chuo cha serikali cha jimbo, mara nyengine tofauti ni ndogo kiasi cha kushangaza. Hilo peke yake limetufungua macho nyumbani, mana kule tulikuwa tumeshaamini kwamba chuo ghali ndo kitamlipa mtoto.

Sasa tuje kwenye mashimo yake, na hapa nisomeni taratibu.

La kwanza na kubwa. Watu waliohesabiwa mle ni wale waliopata msaada au mkopo wa serikali ya Marekani. Mwanafunzi wa kigeni hapewi mkopo ule, sheria haimruhusu. Maana yake mtoto wetu hayumo kwenye zile namba, hakuna Mzanzibari anaekwenda na viza ya mwanafunzi aliyemo. Na ile namba ya deni unayoiona, ambayo kwa mtu wa kwetu inaonekana si kubwa kama ulivyotegemea, ina sababu yake: mkopo wa serikali kwa mwanafunzi wa digrii ya kwanza anaetegemea wazee wake una mwisho, dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 kila mwaka unaofuata, na jumla yote haipiti 31,000. Kwa hiyo ukiona chuo ada yake inapita dola 50,000 kwa mwaka, na vyuo vikubwa binafsi vya muziki ndo bei zao hizo, afu Scorecard inakwambia deni la mhitimu ni elfu ishirini na kitu kwa miaka yote, usifurahi. Unaangalia dari ya sheria. Kilichobaki kimelipwa na baba na mama, au wazee wamekopa kwa jina lao, au mtoto kakopa kampuni binafsi, na mikopo ya kampuni binafsi mle haimo. Mtoto wetu hana dari hiyo. Yeye angekopa kampuni binafsi tangu siku ya kwanza, na nyingi zinataka mdhamini raia au mkaazi wa kudumu wa Marekani, sisi tunae binamu mmoja tu huko na ana watoto wake.

La pili, mapato yale hayasemi yametoka kwenye muziki. Mtu kasoma piano, sasa hivi anauza bima, mapato yake ya bima yamo ndani ya muziki. Mwengine anasomesha skuli mchana na usiku anapiga bendi, vyote vimejumlishwa. Kwa Mmarekani si neno, pesa ni pesa, deni linalipika. Lakini kwa mgeni ni jambo kubwa, mana ukimaliza digrii na viza ya mwanafunzi unaruhusiwa kufanya kazi miezi 12 tu, na kazi yenyewe iwe ya fani uliyoisomea. Wale wa sayansi na uhandisi wanaongezewa miezi 24, wa muziki hawaongezewi. Kijana wetu hawezi kusema basi kwa sasa niuze bima mpaka mambo yakae sawa. Na Scorecard inakuonesha mapato ya miaka kadhaa baada ya kumaliza, wakati ambao yeye keshakuwa Kiembesamaki zamani, analipa deni la dola kwa shilingi.

La tatu ni dogo. Kozi zenye watu wachache wanazificha ili mtu asijulikane, na muziki una kozi nyingi ndogo ndogo, kwa hiyo utafungua chuo unakuta hakuna namba. Si kwamba tovuti imeharibika, usimalize bando kuifungua tena na tena.

Na hii nyengine niiseme hapa hapa. Kuna sheria Marekani imesainiwa Julai 2025, inasema kozi ambayo wahitimu wake wanapata chini ya watu walioishia sekondari tu, kwa miaka miwili ndani ya mitatu, inafungiwa mikopo ya serikali. Mtoto wa kigeni hakopi huko, lakini inamgusa, mana chuo kidogo cha sanaa kikikosa wanafunzi wenye mikopo kinaweza kuifunga kozi yenyewe na mtoto yuko mwaka wa pili. Ukiwa unachagua chuo angalia kwenye Scorecard mapato yake yako wapi ukilinganisha na hao wa sekondari, wanauonesha mstari wao.

Sasa hesabu niliyoifanya nyumbani, mbele ya dada na kijana mwenyewe, kwa kalamu. Tufanye amekopa dola 40,000 kwa miaka yote minne, na hiyo ni huruma, mana upungufu wake ulikuwa zaidi. Riba asilimia 7, miaka 10 ya kulipa. Inatoka dola 464 kila mwezi, jumla analipa karibu 55,700. Tukifanya dola moja ni shilingi 2,500 hiyo ni zaidi ya milioni moja na laki moja kwa mwezi, kila mwezi, miaka kumi. Dada angu hakusema kitu, kachukua ile karatasi akaisoma tena kuanzia juu.

Na hapo kuna la riba lenyewe. Sie ni Waislamu, bibi yake kauliza swali moja tu, "Hizo elfu kumi na tano za juu ni za nini?" Nkamwambia ni riba. Akasema basi mie simo. Najua wapo wenye fatwa zao kuhusu mkopo wa elimu na kila mtu na sheikh wake, siingii humo, nasema tu kwamba nyumba nyingi za hapa swali hilo litaulizwa na ni bora liulizwe kabla ya kusaini kuliko baada.

Afu tuangalie anarudi kupata nini hapa. Hili nalijua kwa macho yangu kwa sababu vocha za wapigaji hotelini zinapita mezani kwangu. Mpiga ala Zanzibar analipwa kwa usiku. Bendi inakuja na watu wanne watano wanagawana, usafiri wao kutoka mjini mpaka Nungwi na kurudi umo humo humo. Msimu wa wageni, Julai Agosti, na Disemba kuingia Januari, wanapata usiku mwingi mpaka wanakataa kazi. Februari kuna Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, tangu 2004, mji unajaa na wanapiga huku na huku. Ikija masika, Aprili na Mei, hoteli nyengine zinafunga kabisa, zilizobaki wazi kitu cha kwanza kukatwa kwenye bajeti ni muziki, na mie ndo naambiwa nikate, na naumia kwa sababu nawajua kwa majina. Na Ramadhani, mwezi mzima, hakuna taarab hakuna ngoma, na ndivyo inavyotakiwa. Idi inarudisha harusi na mialiko. Kwa hiyo mwaka wa mwanamuziki wetu una miezi ya kula na miezi ya kukopa dukani, na deni la benki halijui Ramadhani wala masika, tarehe moja linataka laki kumi na moja zake. Mshahara mdogo wa kila mwezi unaweza kulipa deni kubwa taratibu, mapato ya kupanda na kushuka hayawezi hata kama jumla ya mwaka ni sawa. Hili Scorecard haiwezi kukuonesha, yenyewe inatoa mwaka mzima namba moja.

Nimewauliza wapigaji watatu wanne ambao wanaishi kwa muziki hapa na wanaishi vizuri, wana nyumba, wanasomesha. Wote hawaishi kwa kupiga tu. Mmoja anasomesha wageni udi, mwengine ana studio, mwengine anasafiri na vikundi Ulaya kila kiangazi. Na hakuna hata mmoja aliyeniambia kaombwa cheti cha digrii ili apande jukwaani. Cheti kinaombwa ukitaka kusomesha chuoni, kusomesha skuli za kimataifa, au kuomba ruzuku za nje. Kwa hiyo digrii ina kazi yake, lakini ni kazi hizo tatu nne, lazima kijana ajue anaitaka kwa ipi.

Ndo tukageuka kuangalia za huku. Hapa kwetu kuna Dhow Countries Music Academy, iliyoanzishwa 2001, na miaka mingi ilikuwa ile Nyumba ya Forodha ya zamani pale barabara ya Mizingani, ukipita jioni unasikia ganuni na kodian kutoka dirishani. Pale pamepita wakongwe wetu, na Siti and the Band wametoka mle. Mwaka 2019 walipokuwa na shida ya fedha hadi kukaribia kufunga, magazeti ya nje yaliandika ada ilikuwa kama dola 13 kwa mwezi na bado wanafunzi wengi walikuwa hawaiwezi. Dola 13, jamani, na upande wa pili elfu hamsini. Sisemi ni kitu kimoja, chuo kikubwa cha Marekani kina okestra, maktaba, walimu wa kila ala. Lakini ganuni? Mwalimu wa ganuni wa kuaminika Marekani utamtafuta kwa tochi, na hapa mji huu una vikundi vya taarab, Ikhwani Safaa iliyoanza 1905 na Culture iliyoanza 1958, watu wamekaa na ala hiyo maisha yao yote wako Mji Mkongwe wanakunywa kahawa. Kijana wetu alikuwa anakwenda kukopa ili akasomee kitu ambacho walimu wake wako nyumbani. Anachokikosa hapa ni nadharia ya muziki, kuandika noti kwa okestra, kurekodi, na hicho cheti.

Bara wanacho. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina digrii ya muziki, Tumaini Makumira kule Arusha wanayo, na TaSUBa Bagamoyo, iliyoanza 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, kwa ngazi ya diploma. Na kwa digrii za ndani unaweza kuomba Bodi ya Mikopo ya muungano, HESLB, au ya kwetu, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Mkopo wa HESLB ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara, ile tozo ya kulinda thamani ya mkopo ya asilimia 6 iliyokuwa inaongezwa kila mwaka na kuwatoa watu machozi imefutwa 2021, kwa hiyo ulichokopa ndo unachokijua. Lakini mwanamuziki wengi wao hawaajiriwi, na aliyejiajiri anatakiwa alipe asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi au si chini ya shilingi laki moja kwa mwezi. Laki moja ya mwezi wa masika inauma, lakini inalipika, mtu akipiga harusi moja nzuri kaiweka pembeni. Milioni na laki moja hailipiki. Zingatieni pia kwamba Bodi ina vipaumbele vyake, sayansi, afya na ualimu wa sayansi vinatangulia, muziki haupo mbele, usipange maisha kana kwamba mkopo ni wako tayari.

Na nje bila deni kunawezekana, hili watu hawaambiwi. Curtis ya Philadelphia haimtozi mwanafunzi yoyote ada tangu 1928, Mmarekani na mgeni sawa, ila wanachukua wachache mno na ni muziki wa kizungu wa okestra, kwa mpiga chelo au fidla wa kwetu alieiva ajaribu. Yale, skuli yake ya muziki ya digrii za juu, haina ada. Berklee ya Boston imewahi kuwa na skolashipu za Waafrika walizozifanyia usaili Afrika kwenyewe, kamili zilikuwemo, ulizeni kama bado zipo. Ujerumani vyuo vingi vya serikali vya muziki havina ada au ni ndogo, ila jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 linamtoza mtu wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na lazima uonyeshe pesa ya kujikimu ya mwaka kwenye akaunti kabla ya viza, na Kijerumani ujifunze. Mambo ya viza yanabadilika kila uchao, Marekani khasa, angalieni ubalozini wenyewe msisikilize mtu.

Uamuzi tuliofikia nyumbani. Kijana kaandikia chuo kuomba nafasi yake isogezwe mwaka mmoja, wamekubali. Mwaka huu anasoma hapa hapa, ganuni kwa mzee wake wa taarab na nadharia kwa mwalimu wa kulipwa, anaomba skolashipu kamili sehemu tatu, na Dar es Salaam kaomba pia. Chuo kile cha mwanzo wakiongeza skolashipu ikafika ada yote na chakula na kulala, kenda na dua zetu zote. Wasipoongeza, haendi. Kaumia, siku mbili hakushika ganuni. Siku ya tatu kaja mwenyewe kafungua Scorecard kwenye simu yake ananionesha chuo chengine, "Mjomba, hiki deni lao dogo," nkamwambia angalia juu kabisa, ada ya mgeni ni ngapi, na pesa za nani hazikuhesabiwa humo. Kaziorodhesha mwenyewe.

Kwa atakaeitumia, mpango wangu mie ni huu: deni namba ya Scorecard msiiangalie, tafuteni kwenye tovuti ya chuo gharama kamili ya mwaka kwa mwanafunzi wa nje, toeni skolashipu, zidisheni kwa minne, hilo ndo deni lenu. Mapato chukueni ya Scorecard, ila mkumbuke ni ya miaka kadhaa baada ya kumaliza, si ya mwaka wa kwanza. Washauri wengi wa Marekani wanasema deni lote lisipite mshahara wa mwaka mmoja wa mwanzo. Kwa anaerudi Zanzibar weka mapato ya Zanzibar, muulize mpigaji halisi, si ejenti.

Na ombi langu kwa Bodi zetu mbili. HESLB inakata asilimia 15 ya mshahara wa kila mhitimu alieajiriwa, maana yake inajua nani kasoma nini, kakopa kiasi gani na sasa analipwa kiasi gani. Kitu hicho hicho Wamarekani wamekiweka wazi kwa kila mtu mwenye simu. Watutolee na sie, kwa kozi, bila majina, hata wakianza na waajiriwa tu na kozi kubwa tu, halafu ya Zanzibar nayo ifuate. Mzazi wa Micheweni anaetaka kujua ualimu unalipa nini, uuguzi unalipa nini, na muziki je, saa hizi hana pa kuangalia zaidi ya karatasi ya ejenti.